Taa za miche hazidai volti kubwa, zinadai laini yao

Nyumba ya mwalimu iko Kibirizi, hapa Kigoma, hatua chache kutoka mahali wanapoanika dagaa. Kwa wiki nzima chumba chake cha uani kilinuka samaki na hakuna aliyeshtuka, maana Kibirizi ikinuka samaki hilo si jambo la kuulizwa. Mimi nilishtuka kwa sababu nilipita pale saa mbili usiku, dagaa wameshaanuliwa, na harufu ilikuwa inatoka ukutani.

Nilizima meinswichi, nikachomoa plagi. Pini ya laivu ilikuwa imepiga weusi. Plastiki nyeupe ya soketi, pale penye tundu la laivu, ilikuwa imegeuka kahawia na kufanya ufa mwembamba kama unywele. Plastiki ngumu inayotengenezewa soketi nyingi za ukutani ikipata joto kwa muda mrefu hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki. Sisi wa Kigoma tunahitaji kulijua hili kuliko watu wa mahali pengine. Ukisikia harufu ya samaki ndani ya chumba kisicho na samaki, zima meinswichi, subiri kidogo, kisha gusa soketi moja moja. Iliyo na joto ndiyo yenyewe.

Ndani ya chumba kile mwalimu alikuwa na rafu tatu ndefu za mbao zilizojaa letusi, giligilani, mnanaa na trei za miche ya nyanya na hoho. Juu ya rafu zilining'inia taa 8 za LED, kila moja wati 240. Kando ya ziwa joto linaiharakisha letusi itoe maua kabla haijafunga majani vizuri, na majani yanakuwa machungu. Kwa hiyo alikuwa anaikuza usiku, kukiwa na baridi kidogo, taa zikiwaka kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili asubuhi. Saa 16 kila siku. Taa zote 8, feni 2 na pampu ndogo ya maji vilikuwa vimekusanywa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni ile ikachomekwa kwenye soketi moja ambayo waya wake ulipitia jikoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Afadhali umekuja. Kijana wangu wa Dar ameniangalizia kwenye video, anasema taa hizi zinataka umeme wa volti 240. Twende TANESCO tukaombe watuongezee?"

"Mwalimu, unao tayari. Unao tangu siku waliyokufungia mita."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasa la sita nikikosea kugawanya. Basi tukakaa kwenye benchi uani, nikaanza kumfungulia fundo hili moja moja. Naliandika hapa kwa sababu si yeye peke yake. Kila mwenye kibanda cha miche, mashine ya kutotolea vifaranga au friza tatu za samaki hapa mjini anaweza kujikuta kwenye soketi ileile.

Video zile zimetengenezwa Marekani, na shida wanayoizungumzia ni ya kwao. Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani ina volti 120. Ya kwetu ina 230. Nguvu inayotumika, yaani wati, ni volti ukizidisha kwa ampia, kipimo cha mkondo unaopita. Taa za mwalimu na feni na pampu jumla yake ni wati 2,100. Kwa Mmarekani, 2,100 gawanya kwa 120 ni ampia 17.5. Breka yake ya kawaida ni ya ampia 20, na kanuni zao zinasema mzigo unaokaa saa 3 au zaidi mfululizo usizidi asilimia 80 ya breka, yaani ampia 16. Amezidisha. Njia yake ya kutoka ni kuvuta laini mpya ya volti 240, ambako mzigo uleule unashuka mpaka ampia 8.75. Ndiyo maana kila video inakuambia "vuta 240".

Sisi tulizaliwa ndani ya hiyo njia ya kutoka. 2,100 gawanya kwa 230 ni ampia 9 na kitu. Umeme wenye volti za kutosha unao hadi kwenye soketi ya kuchajia simu.

Kuna utata wa pili umejificha kwenye maneno. Video inaita 240 "volti kubwa", na mtu wa hapa akisikia hivyo anawaza msongo mkubwa, zile laini za kilovolti 33 zinazopita barabarani, au ule mradi wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi kuja Kigoma ambao tumeusikia kwenye kila hotuba. Kwa viwango vya kimataifa umeme wowote wa mkondo geu (AC, kama huu wa nyumbani) usiozidi volti 1,000 unaitwa msongo mdogo. 230 ni msongo mdogo. Unaua vilevile, lakini hauombwi wala hauongezwi. Hata ukienda kuomba umeme wa njia tatu, taa zako zitaendelea kuona 230 ileile. Njia tatu inakupa 230 mara tatu, na 400 inapatikana tu kati ya njia moja na nyingine. Anayezihitaji ni mwenye mashine ya kusaga au mota kubwa, au mzigo mwingi unaotakiwa kugawanywa. Kwa wati 2,100, njia moja inatosha na kubaki.

"Sasa kama volti ninazo," mwalimu akauliza, "mbona soketi imeungua?"

Swali hilo ndilo lenye uzito, nami nitakaa nalo.

Joto ndani ya waya au kwenye kiungo halifuati volti. Linafuata ampia, tena ampia zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha mara ukinzani wa mahali hapo, yaani ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Chukua soketi iliyolegea kidogo, skrubu haijakazwa sawasawa, ukinzani wake umefika nusu omu. Ukichomeka televisheni inayovuta nusu ampia, pale kwenye kiungo linazaliwa joto la wati 0.125. Huwezi kulihisi. Soketi hiyohiyo ukiipitishia ampia 10, hesabu inakuwa 10 mara 10 mara nusu, wati 50. Ampia zimeongezeka mara 20, joto limeongezeka mara 400. Umeweka ndani ya kisanduku cha plastiki, ukutani, moto sawa na wa globu ya zamani ile ambayo ukiigusa inakubabua kidole.

Ongeza sasa saa. Birika la umeme linavuta ampia 8 au 9, karibu sawa na taa za mwalimu, na watu wanalitumia miaka mingi kwenye soketi za hivyohivyo bila madhara. Lakini birika huchemka dakika 4 likazima. Kiungo kinapata joto kidogo, kisha kinapumzika mpaka kesho. Taa za miche zinakaa saa 16. Shaba inatanuka ikipata joto, inasinyaa ikipoa, na kila mzunguko unailegeza skrubu kidogo zaidi. Skrubu ikilegea, ukinzani unapanda, na ukinzani ukipanda joto linapanda. Inajilisha yenyewe hivyo usiku baada ya usiku, mpaka chumba kinanuka samaki.

Na breka haikuanguka. Watu wengi wanadhani breka ni mlinzi wa kila kitu, kwa hiyo isipoanguka mambo yako salama. Breka inahesabu ampia tu. Ile ya mwalimu ilikuwa ya 20, nayo ilikuwa inaona 10, na jikoni wakichomeka pasi au jiko dogo inaona 15. Kwake hiyo ni kazi ya kawaida. Haina macho ya kuona kwamba ndani ya soketi moja kuna wati 50 zinazochoma plastiki. Fyuzi ya 13 ndani ya plagi nayo ni vivyo hivyo, haikuwa na sababu ya kukatika.

Kwa hiyo tiba ni kupunguza viungo vyote ambavyo ampia hizo 10 zinapitia. Laini ya peke yake, kwa maneno ya kawaida, ni breka yake kwenye kisanduku, waya wake mzima usiokatwa wala kuunganishwa njiani, mpaka kwenye taa, na hakuna soketi nyingine, swichi nyingine wala pasi inayoshiriki. Viungo vinabaki vichache, vyote unavijua vilipo, na kila kimoja kimekazwa na mtu aliyejua kwamba kitabeba ampia 10 kwa saa 16.

Hapo ndipo swali la waya linapokuja, na hapa tunakosea sana kwa sababu tunanunua waya kwa mazoea. Namba ni unene wa waya kwa milimita za mraba: wa 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, wa 4 ni wa hita ya maji, wa 6 ni wa jiko. Mazoea hayo si mabaya, ila hayajui bati.

Waya wa shaba wa 2.5 uliovaa PVC ya kawaida, ukiwa ndani ya konduti, yaani bomba la kupitishia waya, majedwali ya Uingereza ambayo mafundi wengi wa kwetu tumeyafuata yanaupa kama ampia 24. Namba hiyo imepimwa kwa hewa ya nyuzi 30. Panda darini kwenye nyumba ya bati hapa Kigoma saa kumi jioni, wakati taa za mwalimu zinawashwa. Nimewahi kupima nyuzi 50 huko juu, na mkono ukigusa bati unauondoa haraka. Kwa nyuzi 50 unazidisha kwa 0.71. 24 mara 0.71 ni 17. Waya uleule, duka lilelile, umepoteza ampia 7 kwa sababu ya mahali ulipolala. Ukiuwekea breka ya 20, breka itauruhusu ubebe zaidi ya uwezo wake wala isianguke. Breka ya 16 ndiyo inayoulinda. Ukitaka breka ya 20 darini, panda hadi waya wa 4, ambao kwa hesabu hiyohiyo ya 0.71 unabaki na ampia 22 na ushee.

Umbali nao una kodi yake. Kutoka kisanduku cha mwalimu hadi chumba cha uani ni mita 25. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita ya njia, kwenda na kurudi vikiwa vimeshahesabiwa. Ampia 10 kwa mita 25 ni volti 4.5. Kiwango kinachoshauriwa kwa laini ya taa ni asilimia 3, yaani volti 6.9, kwa hiyo 2.5 inapita. Waya wa 1.5, unaopoteza milivolti 29, ungepoteza volti 7.25, na usingefaa hata kama haungeungua. Wa 4 unapoteza 2.75 tu.

Mwalimu alichukua kalamu akaendelea mwenyewe. Volti 4.5 mara ampia 10 ni wati 45 zinazoishia darini kupasha joto popo. Kwa waya wa 4 ni wati 27.5. Tofauti ni wati 17.5, mara saa 480 za mwezi, ni uniti 8.4. Akauliza bei ya uniti, akaandika, akasema: "Kama shilingi 2,400 kila mwezi. Nunua wa 4." Sikuwa na la kuongeza. Mtu akikaa na taa hizo miaka miwili mitatu, waya mnene unajilipia, tena unabaki na nafasi ya kuongeza rafu.

Kuhusu kununua, neno moja. Madukani zipo roli zilizoandikwa 2.5 au 4 ambazo ndani yake ni nyembamba, na zipo ambazo si shaba kabisa, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Angalia alama ya TBS, lakini usiishie hapo. Kwangua nyuzi kwa kisu, ikitokea nyeupe chini ya wekundu, rudisha. Kama una mita nzuri ya kupimia omu, pima roli nzima ya mita 100 kabla hujaikata. Ya 2.5 iliyo halali haitakiwi kuzidi omu 0.74, na ya 4 ni karibu 0.46. Roli inayosoma omu 1 na zaidi ilhali imeandikwa 2.5 inakudanganya, na uongo wake utalala juu ya dari lako miaka 20.

Turudi kwenye kisanduku. Taa za LED zina tabia moja inayowasumbua mafundi. Kila taa ina draiva, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa mkondo geu kuwa mnyoofu, na ndani yake kuna kapasita tupu zinazosubiri kujazwa. Ukiwasha, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kila draiva inameza mkondo mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kawaida. Taa moja haina neno. Nane zikiwashwa kwa pamoja, breka ya aina B, ambayo huanguka papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, inaweza kuanguka kila jioni. Watu hudhani breka ni mbovu, wanaweka ya 32, na hapo wameondoa ulinzi wa waya kabisa. Kinachotakiwa ni kubadili aina, namba ibaki ileile. Aina C huvumilia mpaka mara 5 hadi 10. C16 kwa laini hii ni sahihi.

Mkupuo huohuo ndio unaoua taima. Taima za kuchomeka ukutani huandikwa ampia 16, lakini hiyo ni kwa mzigo kama pasi, sio kwa draiva 8. Vile vibati vya ndani vinagusana kwa cheche na mwisho vinaganda, taa hazizimiki tena, na miche inakaa kwenye mwanga saa 24. Tulimfungia mwalimu kontakta, swichi kubwa inayovutwa na koili ya sumaku. Taima ndogo inaamuru koili ya kontakta tu, ambayo haivuti karibu chochote, na kontakta yenyewe ndiyo inayobeba taa.

Draiva za bei rahisi zina kasoro nyingine, pawa fakta ndogo, yaani sehemu tu ya mkondo zinaouvuta ndiyo inayofanya kazi. Taa nzuri huwa na 0.95 hivi, kwa hiyo ampia za kweli zinazidi kidogo zile za hesabu, na ndiyo maana nimekuwa nikisema 10 badala ya 9. Taa mbaya yenye 0.6 ingefanya taa zilezile za wati 1,920 zivute karibu ampia 14 badala ya 8 na kitu. Mita ya LUKU ya nyumbani inakutoza wati, haitakuonyesha. Waya wako ndio utakaoona. Kabla ya kuchagua breka, washa taa zote kwa muda mfupi, uzipime kwa klampu, ile mita inayobana waya na kusoma ampia. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi.

Sasa maji. Chumba cha miche ni chumba chenye unyevu, mikono iliyolowa, pampu iliyozama, na fremu za chuma. Wengi wamekwisha chimbia nondo ya ethi uani, wakaridhika. Hebu tuihesabu. Kigoma kiangazi, mchanga wa kule Ujiji umekauka, nondo yako ina ukinzani wa omu 50. Laivu ikigusa fremu ya rafu, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, ampia 4.6. Breka yako ya 16 inaona 4.6 na inaendelea na kazi. Haitaanguka usiku mzima. Fremu itakaa na umeme, na anayekuja kumwagilia asubuhi ataikuta hivyo. Pale ambapo ethi yako ni nondo ya uani tu, ethi peke yake haiangushi breka.

Kinachoangusha ni RCD. Hii inalinganisha mkondo unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Kama sehemu imepotelea kwingine, kwa fremu, kwa maji au kwa mwili wa mtu, inakata. Ya kulinda watu ni ya miliampia 30. Kwa nondo yetu ya omu 50, inakata kabla fremu haijafika volti 2. Nondo na RCD zinahitajiana: nondo inatoa njia, RCD inaikata. Na iwe ya laini hii peke yake, kwa sababu kila draiva huvujisha mkondo kidogo sana kwenye ethi hata ikiwa nzima. Nane zikichanganywa na friji na mashine ya kufulia kwenye RCD moja, nyumba nzima itazimika mara kwa mara bila kosa, na mtu aliyechoka ataifungua aitupe. Nimeiona imetupwa. Sitaki kuiona tena.

Bonyeza kitufe chake cha kujaribia kila baada ya miezi michache. Kisipokata, badilisha siku hiyohiyo.

Nililiacha jambo la rangi mpaka hapa kwa sababu ndilo linaloniogopesha zaidi kwenye zile video. Marekani waya mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro, na kwenye laini yao ya 240 nyaya zote mbili ni za moto, mweusi na mwekundu, kila mmoja volti 120 kwenda ardhini. Nyumba za kwetu za zamani zilifuata rangi za Waingereza: mwekundu laivu, mweusi nyutro. Nyumba mpya ni kahawia laivu, bluu nyutro. Na kwenye njia tatu za zamani, bluu ilikuwa laivu ya tatu, wakati kwenye njia tatu za sasa mweusi ni laivu ya pili. Nyumba ya mwalimu ilijengwa kwa awamu mbili, ina rangi za zamani sebuleni na mpya uani, zinakutana ndani ya kisanduku kimoja. Kijana wake angekuja likizo na kufuata video, angeunganisha mweusi kama laivu. Rangi ni dokezo tu. Testa na mita ndizo zinazosema, tena baada ya kuijaribu mita yenyewe kwenye sehemu unayojua ina umeme.

Ndiyo maana sikuandika hapa hatua za kufunga. Nimeandika ili mwenye nyumba ajue cha kudai. Fundi aliyepewa leseni na EWURA hatakasirika ukimuuliza aina ya breka, unene wa waya na iko wapi RCD. Akikasirika, tafuta mwingine. Na mita ya LUKU pamoja na waya unaoingia kutoka nguzoni ni mali ya TANESCO. Lakiri haikatwi na fundi wa mtaani, hata akikuambia ni dakika moja.

Jambo moja liko nje ya kisanduku chako, na laini ya peke yake hailizuii. Nyutro ya nguzoni ikikatika, nyumba zilizo kwenye njia tofauti zinaanza kugawana ile 400 kati yao, na yenye mzigo mdogo inapata volti nyingi kupita kiasi. Mtaa mzima unapoteza televisheni usiku mmoja. Draiva nyingi zimeandikwa 100 hadi 277 na zinastahimili mpaka hapo, lakini 350 hazistahimili. Vilinzi vya friji vinavyouzwa madukani vingi havibebi ampia 10 kwa saa 16. Kuna kilinzi cha volti cha kufunga ndani ya kisanduku, kinachokata chini ya kiwango na juu ya kiwango kisha kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Pamoja nacho, kwa mvua za hapa na radi zinazovuka ziwa kutoka Kongo, weka kizuia mawimbi ya radi. Hicho kinahitaji ethi nzuri, la sivyo ni pambo.

Hesabu ya mwisho niliihofia, kwa sababu ilikuwa ya pesa. Wati 2,100 kwa saa 16 ni uniti 33.6 kwa siku, uniti 1,008 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 za mwezi, na zilizozidi zilikuwa 350 kila moja. Uniti 75 za mwalimu zilikuwa zinaisha siku ya tatu. Kwenye kundi la matumizi ya kawaida uniti ilikuwa 292 kabla ya kodi, kwa hiyo mwezi ulikuwa kama shilingi 294,000. Alinyamaza kidogo. Kisha akasimama, akaingia chumbani, akaanza kuhamisha trei.

Miche ya nyanya na hoho aliitoa yote nje, chini ya wavu wa kivuli. Jua la Kigoma linawaka karibu saa 12 mwaka mzima, na nyanya haina ugomvi nalo. Mnanaa nao ukatoka. Ndani zikabaki letusi na giligilani za hotelini, rafu moja na nusu, na taa 4. Nusu ya mzigo, nusu ya bili. Lakini laini tuliivuta ileile ya waya wa 4 na C16, kwa sababu alisema mahoteli yakiagiza zaidi atarudisha taa zote.

Tuliifunga siku mbili. Ile soketi ya zamani tuliing'oa, na waya wake nyuma ulikuwa umekuwa mgumu, PVC yake ikavunjika mkononi kama ganda la karanga. Ndani ya mlango wa kisanduku nikabandika karatasi: laini ya 7, taa za miche, C16, waya wa 4, RCD 30, na tarehe. Chini yake mwalimu akaongeza kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Fundi arudi baada ya mwezi 1 kukaza skrubu."

Nilirudi. Mbili kati ya sita zilikubali robo mzunguko.